Falsafa ya China na Zama za Shule Mia

Falsafa ya China huchorwa kama wazee wenye ndevu nyeupe waliokaa mlimani wakitafakari. Ukweli ni kwamba mikondo yake mikuu ilizaliwa vitani. Kati ya karne ya 6 na ya 3 KK wafalme wa nasaba ya Zhou walibaki na jina tu, huku madola yaliyokuwa chini yao yakimezana. Wasomi walihama kutoka ikulu hadi ikulu, kila mmoja akinadi dawa yake ya kuleta utulivu. Ndizo zama za Shule Mia, ingawa "mia" hapo ni kusema nyingi tu.

Confucius (551–479 KK), mzaliwa wa dola la Lu, aliamini dawa ni utu na adabu: mtawala awe mtawala kweli, baba awe baba, mwana awe mwana. Wafuasi wake hawakukubaliana hata juu ya jambo la msingi. Mencius alishikilia kuwa mtu huzaliwa na chembe ya wema. Xunzi akasema maumbile ya mtu ni mabaya, na elimu ndiyo humnyoosha.

Mpinzani wao mkali alikuwa Mozi, ambaye kwa maoni yangu amesahauliwa bila haki. Alihubiri kuwajali watu wote sawa, si ndugu kwanza, na akashambulia mazishi ya fahari kwamba yanafukarisha watu. Alilaani vita vya uvamizi, na hakuishia kwenye maneno: wafuasi wake walikuwa mafundi wa kulinda miji iliyozingirwa.

Wadao, wanaonasibishwa na Laozi na Zhuangzi, waliona pilikapilika zote hizo ndizo ugonjwa wenyewe. Dao ni njia ya maumbile. Mtawala bora halazimishi, kama maji yanavyoshinda jiwe kwa ulaini.

Lakini aliyeshinda vitani hakumsikiliza hata mmoja wao. Dola la Qin lilifuata watetezi wa sheria kali, akina Shang Yang na Han Fei: tuzo, adhabu, na hakuna kutegemea wema wa mtu. Mwaka 221 KK liliunganisha China, mwaka 213 KK likaamuru vitabu vya wapinzani vichomwe, na mwaka 206 KK lilikuwa limekwisha anguka.

Nasaba ya Han iliyofuata ilikuwa na ujanja. Ilifundisha maofisa wake vitabu vya Confucius, huku mashine ya serikali ikiendelea kwa kanuni nyingi za Qin. Ubuddha ulipoingia kutoka India na kushika mizizi, Zhu Xi (1130–1200) aliusuka upya Ukonfusio ili uweze kujibu maswali juu ya asili ya ulimwengu. Ufafanuzi wake ukawa msingi wa mitihani ya kuajiri maofisa, hadi mitihani hiyo ilipofutwa mwaka 1905.