Je, wajua kinachozuia hela ndani ya kibubu? Si kufuli

Ukimuuliza mtu kwa nini vibubu vingi vya mbao sokoni havina mlango, vina tundu la kutumbukizia hela tu, atakuona huna kazi. Ili hela zisitoke, au siyo? Mtoto hana subira. Ukimpa kitu kinachofunguka, atakifungua. Nami nilijibu hivyo kwa miaka mingi, tena kwa kujiamini, maana kibubu changu cha utotoni nilikichokoa kwa kisu cha mezani mpaka kikabaki kitupu. Unakiinamisha, unapenyeza bapa la kisu kwenye tundu, sarafu inalala juu ya bapa na kuteleza taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Fundisho nililolipata ni kwamba tundu lilikuwa pana.

Kwa hiyo binti yangu alipofikisha miaka saba, nilimwendea fundi wa kuchomelea. Akanitengenezea boksi la bati lililofungwa pande zote sita, na tundu linalopitisha sarafu ya mia tano kwa shida. Nikamwambia mtoto litakatwa Desemba, tununue baiskeli. Wiki mbili za kwanza kila jioni ilikuwa klingi, klingi. Kisha mlio ukakoma. Mwezi wa tatu nilipokuwa naanika godoro lake, ikaanguka soksi moja nzito, na ndani yake mlikuwa na shilingi 3,400 za sarafu.

"Mbona huziweki kwenye kibubu?"

"Kile kinameza tu, Baba."

Nilikasirika kidogo, na ilinichukua siku kadhaa kuuona ukweli uliokuwa mbele ya macho yangu. Soksi haina kufuli. Duka la Mangi liko hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu, na lina ubuyu. Mtoto niliyeamini hana subira alikuwa amelalia 3,400 kwa majuma, bila bati, bila fundi, bila mimi.

Wazo la chombo kisichofunguka ni la kale. Kisiwani Java, Indonesia, enzi ya dola ya kale ya Majapahit, karne ya 14 na 15, watu waliweka sarafu kwenye vyungu vya udongo vyenye umbo la nguruwe, na vingi vimepatikana vikiwa vigae, kwa sababu kuvifungua ni kuvivunja. Sisi tuna neno letu lenye bubu ndani yake: kitu kidogo kinachopokea na hakisemi. Lakini ukongwe wa chombo hauthibitishi kwamba tunajua kwa nini kinafanya kazi.

Aliyenitoa tongotongo ni utafiti wa magharibi mwa Kenya. Wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya kazi na vikundi 113 vya kuchangiana kwa zamu (kwetu upatu au mchezo, kwa Wakenya chama) na kuvigawa kwa bahati nasibu. Wanachama wa baadhi ya vikundi walipewa kisanduku cha chuma chenye tundu juu, pamoja na kufuli na ufunguo wake. Wengine walipewa kisanduku kilekile na kufuli lilelile, ila ufunguo ulibaki kwa afisa wa mradi, na kingefunguliwa tu mwenyewe akishafikisha lengo alilojiwekea. Akiba hiyo ilikuwa ya kinga ya afya, yaani vitu kama chandarua na dawa ya kutibu maji, ambavyo kila mtu anajua vina faida na kila mtu atavinunua wiki ijayo.

Mimi ningeweka dau kwa kundi la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliokaa na ufunguo wao wenyewe walikuwa wameongeza matumizi ya kinga kwa angalau 66% baada ya mwaka. Walionyimwa ufunguo, kwa wastani, hawakuonyesha tofauti ya maana na wasiopewa kisanduku chochote. Niliyasoma mara mbili nikidhani nimepishanisha safu za jedwali.

Sababu, ukiambiwa, ni ya kawaida kabisa. Mtu anayejua kwamba mtoto anaweza kuumwa saa nane usiku haweki hela zake mahali ambapo afisa lazima apigiwe simu kwanza. Anaweka kidogo, au haweki. Kufuli lililokusudiwa kuzuia hela zisitoke lilizizuia zisiingie. Binti yangu aliyasema hayohayo kwa maneno machache.

Kwa haki, kufuli nalo lina siku zake. Katika utafiti huohuo, masharti makali yaliwasaidia wale wanaoombwaombwa sana na ndugu na marafiki. Na kule Ufilipino, benki moja ilipowapa wateja nafasi ya kufungua akaunti ambayo hela haitoki mpaka tarehe au kiasi walichokichagua wenyewe, akiba ya kundi lililopewa nafasi hiyo ilipanda kwa 81% ndani ya mwaka. Ila angalia: walioikubali walikuwa kama 28% tu, na walijifunga wenyewe. Mtoto aliyenunuliwa kibubu cha kuchomelea hakujifunga. Amefungwa.

Swali gumu zaidi linabaki. Kama unaweza kukifungua wakati wowote, kisanduku kinazuia nini? Mtu mwenye ufunguo mfukoni ana tofauti gani na mtu mwenye hela mfukoni?

Hapa wachumi wanazungumzia kitu ambacho naweza kukiita madaftari ya kichwani. Richard Thaler, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2017, ndiye aliyekipa umaarufu. Kwa hesabu za karatasini, shilingi ni shilingi: mia tano ya baiskeli na mia tano ya ubuyu hazina tofauti, na mtu mwenye akili timamu hapaswi kuzibagua. Binadamu halisi huzibagua kutwa nzima. Kichwani ana daftari la nauli, la ada, la kula, na kuhamisha hela kutoka daftari moja kwenda jingine kunamuuma hata kama hakuna anayemwona.

Fikiria kabati la vyombo sebuleni. Ndani yake kuna glasi sita zenye maua, za wageni. Kabati halina kufuli, au lina kufuli na ufunguo umening'inia palepale. Nyumba ina watoto wanne, na kila siku wanagombania vikombe viwili vya plastiki kwa sababu vingine vimepotea. Hakuna anayekwenda kuchukua glasi ya maua. Si woga wa kuchapwa tu, maana hata wazazi wenyewe, wakiwa peke yao nyumbani, hunywea kikombe cha plastiki. Glasi ile ina jina, na jina ndilo linaloilinda.

Au fikiria mahindi ya mbegu. Mkulima huchagua mahindi mazuri, huyafunga kwa maganda yake na kuyatundika juu ya moshi jikoni. Mwezi wa njaa ukifika, yale mahindi yanaonekana, yananukia, yako umbali wa mkono. Ni chakula kilekile kilichokuwa ghalani. Lakini ya ghalani yaliitwa chakula na haya yanaitwa mbegu, na watu watakopa unga kwa jirani kabla ya kuyagusa. Yakishaguswa, kila mtu kijijini anajua nyumba ile imefika pabaya. Jina halizuii kama ukuta unavyozuia. Linakufanya ujue vizuri kabisa unachokifanya unapovuka.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu niliuona kwa macho yangu, ni wa bibi yangu na pindo la khanga. Aliuza mihogo, na hela alizifunga kwenye ncha za khanga, fundo hapa na fundo pale. Fundo la khanga hufunguka kwa vidole viwili na jino. Ukimwomba hela ya pipi anakuonyesha lile la kulia: "Hii ya mashine, mjukuu wangu," yaani ya kusagisha. Hakusema hana. Alisema ipo, na ina kwao. Hapo ndipo kisanduku cha Kenya kinapofanana na khanga. Waliopewa walieleza kwamba hela ikishaingia mle huhesabika kuwa imeshatengwa, na inakuwa rahisi zaidi kuzikwepa anasa ndogondogo na kuwakatalia waombaji. "Sina" ni uongo na muombaji anajua. "Ipo, lakini ni ya chandarua" ni ukweli, na humaliza mazungumzo bila kununiana.

Hao wote ni watu wazima, na mtoto si mtu mzima mfupi. Kwa watoto kuna utafiti wa Uganda, wa Dean Karlan na Leigh Linden, katika shule za msingi 136. Wanafunzi waliweka akiba shuleni kwa ajili ya mahitaji ya masomo. Katika shule nyingine, muda ulipofika, hela zilirudishwa mkononi taslimu, mtoto aamue. Katika nyingine zilirudishwa kama hati ambayo ingenunua vifaa vya shule tu. Waliojua watapewa taslimu waliweka akiba kubwa zaidi. Na pale ambapo wazazi nao walishirikishwa, kundi hilo la taslimu lilinunua vifaa zaidi, na alama za mitihani zikapanda kidogo.

Kabla hujaenda kununua kisanduku, sikia na la Ghana. Huko masanduku ya akiba yalipelekwa shuleni pamoja na masomo ya fedha, na baada ya miezi tisa akiba za shuleni ziliongezeka kweli. Watafiti walipochimba wakakuta sehemu kubwa ni hela ambazo watoto walikuwa nazo nyumbani, walizihamisha tu. Soksi imekwenda shule.

Sasa ukarimu, ambako nilikosea mara ya pili. Baada ya habari ya soksi nilijiuliza kama simfundishi mtoto uchoyo: anajifunza kusema "hii ina kwao" kwa kila anayenyoosha mkono. Lakini nilijituliza kwamba kutoa anajua, kwa kuwa kila Jumapili nampa mia tano anaitia kwenye kikapu cha sadaka. Ukitazama vizuri, sadaka ile ilikuwa yangu. Yeye alikuwa tarishi.

Katika jaribio moja la Marekani, lililochapishwa mwaka 2013, Nadia Chernyak na Tamar Kushnir waliwaonyesha watoto wa shule ya awali kikaragosi cha mbwa mwenye huzuni. Baadhi ya watoto walikuwa na stika moja na hiari kamili: baki nayo, au mpe mbwa. Wengine waliambiwa lazima wampe. Baadaye wote wakaletewa kikaragosi kingine na stika tatu, wagawe watakavyo. Waliokuwa wamechagua wenyewe, tena kwa kujinyima, ndio waliotoa zaidi. Waliolazimishwa walikuwa wametoa stika ileile, lakini mkono wao haukujifunza kitu.

Malipo nayo hayasaidii. Huko Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello walikuta mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 20 humwokotea mtu mzima kitu kilichomdondoka bila kuombwa. Waliozoeshwa kupewa kichezeo kila wakisaidia walikuja kusaidia mara chache zawadi zilipokoma, kuliko ambao hawakuwahi kupewa chochote. Waliosifiwa kwa mdomo hawakuharibika. Ni majaribio ya muda mfupi, ya stika na vichezeo, na kutoka hapo mpaka mchango wa msiba ni safari ndefu; mimi nisingeyabebesha zaidi ya hapo. Lakini yanaelekea upande uleule wa kisanduku cha Kenya: mwenye ufunguo ndiye anayejifunza.

Na bibi, ukikumbuka, alikuwa na fundo la pili, la kushoto. Lile aliliita "ya watu". Rambirambi, mzazi aliyejifungua, mtoto wa jirani asiye na daftari. Kwa miaka yote nilidhani lile la kulia ni ubahili wake na la kushoto ni huruma yake, kana kwamba ni bibi wawili. Nadhani la kushoto lilikuwa jepesi kulifungua kwa sababu la kulia lilikuwa zito: akitoa, alijua unga wa kesho upo.

Boksi la bati tulilikata kwa tindo mwezi uleule, likapiga kelele mtaa mzima. Sasa kuna makopo mawili ya maziwa yenye vifuniko, moja limeandikwa BAISKELI, jingine YA WATU, na mia tano ya Jumapili nimeiacha. Anampa anayemtaka, akitaka. Kuna majuma matatu hakutoa kitu, nikauma ulimi. Juzi asubuhi bodaboda alikuwa amesimama nje na sina chenji, nikanyoosha mkono kwenye kopo lililokuwa karibu.

"Hiyo ya watu, Baba."

"Mimi si mtu?"

Alifikiri. Kisha akafungua la baiskeli, akahesabu sarafu tano za mia mbili, akaandika 1,000 nyuma ya daftari la hesabu, na kuniuliza narudisha saa ngapi.