Kabla ya kutuliza akili, shona mto

Wanaokuja kwangu hapa Moshi kujifunza kutafakari kwa njia ya Zen, tawi la Ubudha, huja na swali lilelile: mawazo nayazimaje? Mimi huanza kwa kuwauliza kuhusu magoti. Wengi niliowaona wakiacha wiki ya kwanza walishindwa na miguu. Mtu anakaa kwenye sakafu ya saruji, magoti yamenyanyuka kupita nyonga, mgongo umepinda. Ikifika dakika ya nne hana analowaza ila maumivu.

Wajapani huyaita mazoezi haya zazeni, na hiyo "za" maana yake ni kukaa. Mtawa Dogen, aliporejea Japani kutoka China mwaka 1227, aliandika mwongozo mfupi ambamo anaelekeza kutandika mkeka mnene, kisha kuweka mto juu yake. Mto wenyewe ni zafu, wa duara, na kwa desturi hujazwa sufi. Sufi hii hii ya msufi, ambayo wengi wetu tumeilalia utotoni! Mpelekee fundi wa magodoro kitambaa kigumu, mwambie aushindilie hadi ugome kubonyea. Ukisubiri fundi, blanketi lililokunjwa mara kadhaa linafaa.

Kalia sehemu ya mbele ya mto, usijaze wote. Nyonga zikiwa juu, magoti yatashuka yenyewe mpaka kwenye mkeka, na hapo una mafiga matatu: makalio na magoti mawili. Sufuria haiyumbi. Miguu ilaze chini, mmoja mbele ya mwingine. Kupandisha nyayo mapajani kama kwenye sanamu si lazima, na kwa magoti yasiyozoea ni hatari. Aliyezoea kikao cha tahiyatu anaweza kupiga magoti vivyo hivyo, mto ukiwa katikati ya miguu. Mwenye magoti mabovu akae kwenye kiti, mgongo usiegemee. Nayo ni zazeni kamili.

Kiganja cha kushoto kilale juu ya cha kulia, chini ya kitovu, ncha za vidole gumba zigusane kidogo tu. Vidole vikiachana, umesinzia. Vikibanana, umekaza mwili. Macho yabaki nusu wazi, yakitazama chini. Sisi tunaofuata Soto, mmoja wa mikondo ya Zen, hukaa tumeelekea ukuta.

Sasa hesabu pumzi zinazotoka: moja, mbili, hadi kumi, kisha rudi moja. Utashtuka uko kumi na saba, au umeisahau hesabu kwa kuwaza ada ya shule. Rudi moja, bila kujigombeza. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniambia kwa huzuni, "Mwalimu, mwezi mzima sijavuka tatu." Nilimjibu, "Mama, kila uliporudi moja ulikuwa umeamka. Hilo ndilo zoezi lenyewe."

Dakika kumi kila siku zinatosha kuanzia. Mimi hukaa saa kumi na moja alfajiri. Adhana inasikika, jogoo nao, baadaye kengele ya kanisa. Usisubiri kimya, sauti iache ije na iende, wewe uko na pumzi yako.

Naulizwa pia kama mtu atakuwa ameacha dini yake. Zen ni tawi la Ubudha, na sitalificha hilo. Lakini Padre Hugo Enomiya-Lassalle, Mjesuiti Mjerumani aliyenusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, alikaa zazeni na kuwafundisha Wakristo wenzake, na alibaki padre. Dhamiri yako ndiyo iamue.

Ukimaliza, usiinuke haraka. Nyoosha miguu, isugue, ngoja ganzi iishe kabisa, maana mguu wenye ganzi huteguka kirahisi. Ganzi ya unyayo ni kawaida. Ila goti likichoma kwa ndani, fungua miguu hapo hapo, hata kama umefika pumzi ya tisa, na kesho ongeza kimo cha mto.