Je, wajua kwa nini Nairobi kuna OTC lakini hakuna basi la OTC?

Mwambie makanga akushushe OTC, naye atakushusha karibu na Racecourse Road bila swali. Ila hata ukikaa hapo kutwa nzima, hutaona basi lenye herufi hizo. OTC ilikuwa kampuni ya mabasi ya masafa marefu. Kampuni ilikufa, jina likabaki kwenye midomo ya wasafiri.

Kampuni za aina hiyo zilizaliwa pale reli ilipoishia. Gari moshi lilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, lakini mji wa Machakos liliupita kando, na Meru, Kitui na Kisii halikufika kabisa. Huko basi ndilo lililokuwa posta, lori na teksi. Lilibeba wanafunzi wa bweni, barua, magunia ya maharagwe na kuku waliofungwa miguu, huku utingo akiparamia ngazi ya nyuma kupanga mizigo juu ya paa. Mwenye basi moja au mawili alijua kilima kipi hakipandiki wakati wa masika na ni duka lipi litakalompokelea mzigo abiria asipokuwepo. Ujuzi huo ndio uliokuwa mtaji wake, kuliko hata basi lenyewe.

Baadhi ya kampuni hizo zilikua. Akamba, iliyobeba jina la Wakamba, ilifika hadi Kampala na Dar es Salaam, na ofisi yake ya Lagos Road ilijulikana na kila msafiri wa usiku. Nayo haipo tena.

Ni nini kilizibana? Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu iliyotakiwa kwa mabasi. Baadaye zikaja Nissan za abiria 14. Hesabu yake ni rahisi: basi kubwa linasubiri watu hamsini na kitu, Nissan inajaa wakati wewe bado unatafuta chenji ya nauli. Mwenye haraka akaondoka na Nissan, na basi likabaki na wazee na magunia.

Hata hivyo kampuni za mabasi za njia za kwetu hazikufutika. Kanuni za mwaka 2014 ziliwataka wenye magari ya abiria wawe chini ya kampuni au sacco, yaani chama cha ushirika, yenye magari yasiyopungua 30, na watu wakajipanga tena kulingana na njia ya kwao. Mimi hilo linanifurahisha sana.

Nenda Machakos Country Bus, kituo cha mabasi kwenye Landhies Road, Nairobi, Ijumaa jioni. Utaona mtu ameleta gunia lililoandikwa kwa kalamu nene MWINGI, mji wa Ukambani. Yeye hasafiri. Analipia mzigo, ananakili namba ya gari, kisha anapiga simu nyumbani awaambie basi gani walisubiri barabarani.