Je, wajua kwa nini tembo 16 wa Dumbo waliongezewa wenzao 16?

Dumbo ni tembo wa katuni mwenye masikio makubwa kiasi kwamba yanamrusha angani. Katika bustani ya burudani ya Magic Kingdom ya kampuni ya Disney, jimbo la Florida nchini Marekani, amegeuzwa kuwa chombo cha watoto: tembo 16 walioshikwa na mikono ya chuma, wanaizunguka nguzo ya katikati, na mtoto ana kijiti cha kusukuma ili tembo wake apande au ashuke. Wakishaanza kuzunguka, baada ya dakika kama moja na nusu kwisha habari. Siku za msongamano, mzazi alikuwa anaweza kusimama juani karibu saa nzima kwa ajili ya dakika hiyo moja na nusu.

Mwaka 2012 wenye bustani wakalishughulikia. Kasi hawakuiongeza, wala hawakuwabananisha watoto watatu watatu kwenye tembo mmoja. Walijenga Dumbo wa pili ubavuni mwa wa kwanza, tembo 16 wengine, wanaozunguka kwa upande wa kinyume. Mtu wa kawaida angeuliza: kwa nini muingie gharama ya mashine nzima, na injini mnayo, si mngeizungusha haraka zaidi au mkapunguza muda wa kuzunguka?

Tupige hesabu, kwa tarakimu za mfano. Kila tembo anakaa watu wawili, kwa hiyo mzunguko mmoja ni watu 32. Kuzunguka ni dakika moja na nusu. Sasa weka dakika mbili za kazi nyingine zote: waliomaliza washuke, mama amtafute mtoto aliyekimbilia kwa tembo wa rangi nyingine, wapya waingie, mikanda ifungwe, mhudumu apite kuikagua. Jumla dakika tatu na nusu. Kwa saa moja mashine inazunguka mara 17, watu 544.

Punguza muda wa kuzunguka kwa nusu, uwe sekunde 45. Umemwibia mtoto nusu ya raha yake, na ulichopata ni mizunguko kama 21 badala ya 17. Haifiki hata nyongeza ya theluthi moja. Zile dakika mbili za kupanda na kushuka hazikuguswa, na ndizo zinazokula saa. Mashine ya pili inakupa watu 1,088 kwa saa, na mtoto hajapunjwa chochote.

Wanaovuka kwa pantoni kwenda Kigamboni hawahitaji kuelezwa sana. Majini ni dakika chache tu. Kinachochosha ni geti, magari kushuka moja moja, kisha lile wimbi la watu kuingia. Pantoni lenye injini ya nguvu mara mbili lingewahi kufika kwenye foleni ileile.

Ndiyo maana wahandisi wa bustani hizi, ukiwaonyesha chombo kipya, hawaulizi kwanza kinakwenda kilomita ngapi kwa saa. Wanauliza kinapitisha watu wangapi kwa saa, na jibu la swali hilo liko kwenye jukwaa la kupandia.

Hakuna mahali hilo linaonekana wazi kama kwenye rola kosta, zile treni za kupandishwa juu na kuporomoshwa. Reli yake imekatwa vipande, na sheria ni ya reli za kawaida: kipande kimoja, treni moja. Iliyo nyuma haiingii mpaka ya mbele imetoka. Ikiwahi mno, breki zinaishika palepale ilipo. Kwa hiyo ukisema "waongeze treni", swali linalofuata ni stesheni inaachia treni kila baada ya sekunde ngapi. Kama watu bado wanahangaika na mikanda, treni ya ziada itakwenda kusimama nje ya stesheni, abiria wake wamefungwa vitini wakitazama visogo vya wenzao.

Chukua treni ya viti 24 inayoondoka kila sekunde 60. Hiyo ni watu 1,440 kwa saa. Kila safari ichelewe sekunde 15 tu, na idadi inashuka hadi 1,152. Watu 288 wamepotea ndani ya saa moja, na hakuna kilichoharibika. Aliyejiunga mwisho wa foleni ya watu 1,440 akitegemea kusubiri saa moja atasubiri saa na robo.

Sekunde 15 ni nini? Ni mtu mmoja aliyekaa juu ya mkanda wake mwenyewe. Ni simu inayotafutiwa mfuko wenye zipu. Ni familia ya watu watano iliyofika kwenye safu za viti viwili viwili na kuanza kujadiliana pale pale nani akae na nani. Zote zina dawa, na nyingi ni dawa za bei nafuu. Watu hupangwa kwenye vigeti vya namba kabla treni haijaingia, ili mjadala wa familia uishie huko. Viti vinavyobaki vitupu vina foleni yao ya pembeni ya watu waliokubali kukaa peke yao, na mhudumu anachomoa mmoja mmoja kuvijazia. Kwa mabegi, kuna ufundi ninaoupenda kwenye VelociCoaster, rola kosta iliyofunguliwa mwaka 2021 katika bustani ya Islands of Adventure mjini Orlando: makabati yana milango pande mbili. Unaweka begi ukiwa unaingia, unalichukua upande wa pili ukiwa unatoka. Anayeingia na anayetoka hawakutani wala hawasukumani.

Dawa kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kutosimama kabisa.

Hili Disney walijifunza mapema. Kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964 walipeleka mchezo wa mashua zinazosukumwa na mkondo wa maji, zikipita katikati ya vikaragosi vya watoto wa mataifa mbalimbali. Mashua zilifuatana bila kukoma na umati ukamezwa. Wakati huo kule Disneyland, California, kulikuwa na mpango wa jumba la maharamia ambalo wageni wangelitembelea kwa miguu, kama makumbusho ya sanamu za nta. Shida ya miguu ni kwamba inasimama. Mtu akiona kitu kizuri anaganda, na walio nyuma wanaganda naye. Mpango ukabadilishwa, maharamia wakapewa mashua, na Pirates of the Caribbean ikafunguliwa Machi 1967.

Nyumba ya mizimu, Haunted Mansion, ilichelewa zaidi. Jengo lake la nje lilikuwa limeshakamilika mwaka 1963, watu wanapita wanalitazama, lakini ndani hapakuwa na kitu hadi Agosti 1969. Moja ya mambo yaliyowasumbua ni hilohilo la miguu: utawapitishaje maelfu ya watu vyumbani kwa siku bila wote kurundikana mbele ya mzimu wa kwanza? Jibu lilikuwa mnyororo wa viti vyenye mgongo mkubwa uliojikunja kama gamba la konokono, vimeunganishwa kimoja nyuma ya kingine kuizunguka nyumba nzima, na havisimami. Unaingia kutoka kwenye mkanda wa sakafu unaotembea kwa mwendo uleule wa kiti, kwa hiyo machoni pako kiti kimetulia. Vinapita taratibu mno, mwendo wa mzee anayetoka msikitini, lakini kwa saa vinameza zaidi ya watu 2,000. Ipo rola kosta yenye kasi ya kutisha isiyofika nusu ya hapo. Udhaifu wake ni mmoja: akija mgeni wa kiti cha magurudumu anayehitaji muda wa kupanda, mkanda unapunguzwa mwendo au kusimamishwa, na wote waliomo ndani wanasimama naye gizani.

Kuna wakati chombo hakiwezi kugeuzwa kuwa mnyororo, na hapo inabaki njia ya Dumbo: kujenga kingine. Toy Story Mania, mchezo wa kulenga shabaha kwenye skrini ulioko katika bustani ya Hollywood Studios huko huko Florida, ulianza mwaka 2008 ukiwa na njia mbili za reli, na foleni yake ikawa ya kutajwa kila mahali. Mwaka 2016 ikaongezwa njia ya tatu. Mwaka huohuo, Soarin', ambako watu huinuliwa na viti vyao mbele ya skrini kubwa iliyopinda wajione wanaruka juu ya nchi, ikaongezewa ukumbi wa tatu kwa viwili vilivyokuwapo. Kutoka viwili hadi vitatu ni nyongeza ya nusu ya uwezo wote kwa mkupuo mmoja, na yote hayo bila kugusa muda wa onyesho.

Kilichonishangaza ni jinsi watu wengi wanavyodhani tiketi za kupita haraka ni sehemu ya dawa hii. Disney walianza na FastPass mwaka 1999, bure, na mwaka 2021 wakaingiza mfumo wa kulipia. Tiketi hiyo haijaongeza kiti hata kimoja. Chombo cha watu 1,000 kwa saa kikitenga nafasi 700 kwa wenye tiketi, foleni ya kawaida imebakiwa na 300. Ukisimama humo na watu 300 mbele yako, utasubiri saa nzima, na katika muda huo utahesabu mamia wakikupita pembeni wakitabasamu. Ni kugawana uhaba, na siku hizi mgawanyo unakwenda kwa mwenye fedha.

Basi wakishaongeza njia ya tatu, mbona foleni haiishi? Kwa sababu foleni ina macho. Mlangoni kuna ubao wa dakika za kusubiri. Ukiandika 90, watu wanapita wakiguna. Ukiandika 35, wanageuka na kuingia, wakiwemo waliokwisha kupanda mara moja asubuhi. Upungufu mdogo nao hujilimbikiza: wakija watu 1,600 kwa saa na chombo kikabeba 1,500, saa ya kwanza hakuna anayeona tofauti, lakini kufikia jioni mamia wamerundikana. Uhusiano wa wastani kati ya idadi ya walioko ndani, kasi ya kuingia na muda wa kukaa ulithibitishwa kihisabati na mtaalamu wa Marekani, John Little, mwaka 1961, na unatumika kwenye benki na hospitali kama unavyotumika kwa tembo.

Halafu kuna jambo ambalo wageni hawalifikirii. Foleni ni ghala. Watu 1,000 waliosimama kwa Dumbo ni watu 1,000 ambao hawako njiani, hawako kwenye chipsi, hawako mlango wa choo. Ukiwatoa wote kwa pamoja lazima ujue wanakwenda wapi. Nadhani ndiyo maana Dumbo alipoongezwa, foleni haikuachwa ilivyokuwa. Ilihamishiwa ndani ya hema la sarakasi lenye viyoyozi na uwanja wa kuchezea. Hapo mwanzo mzazi alikuwa anapewa kifaa kidogo mfano wa simu ya zamani, anakaa kitako, mtoto anapanda na kuteleza, na kifaa kikilia zamu yao imefika. Walikuwapo watoto waliolia wakiitwa, hawataki tena kuacha kuteleza.

Mahali pamoja, ufundi wote huu unagonga ukuta. Katika bustani nyingine ya Disney huko Florida, Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna kijiji cha kutunga kiitwacho Harambe, kilichoigwa kwa sehemu kutoka Lamu. Ukutani mwake pameandikwa UHURU 1961, mwaka uleule wa uhuru wa Tanganyika. Hapo ndipo unapopandia Kilimanjaro Safaris: malori ya wazi yanayobeba zaidi ya watu 30, yakiachiwa moja baada ya jingine kwenda kuona wanyama wa kweli. Jukwaa limepangwa vizuri, safu zina namba, sekunde zimehesabiwa. Kisha faru anatoka kwenye majani, anasimama katikati ya barabara, na anaamua kubaki hapo. Haruhusiwi mtu kumpigia honi. Lori la kwanza linazima injini, la pili linafika nyuma yake, la tatu, la nne, na kule kijijini watu wanaendelea kujipanga, wakijipepea na ramani chini ya maneno ya Kiswahili wasiyoweza kuyasoma.