Majanga si ya wanajiolojia peke yao

Kila muhula, kozi ya majanga na vihatarishi vya maafa inapoanza, hajakosekana mwanafunzi wa sheria, uhasibu au uuguzi anayetaka kujua kwa nini amelazimishwa kusoma somo la wanajiolojia. Swali hilo limenichosha, kwa sababu limebeba dhana kwamba ukubwa wa maafa, yaani vifo na hasara, hufuata ukubwa wa janga lenyewe, kama tetemeko au mvua, na kwamba ardhi ikishatikisika au mvua ikishanyesha, hakuna tena la kuamuliwa na binadamu.

Mwaka 2010 ulitosha kuivunja dhana hiyo. Tarehe 12 Januari, Haiti ilikumbwa na tetemeko la kipimo cha 7.0, tarehe 27 Februari, Chile ikakumbwa na la 8.8, lililotoa nishati takriban mara 500 zaidi. Chile ilipoteza watu wapatao 525, wakiwemo waliosombwa na tsunami, ilhali Haiti ilipoteza zaidi ya 100,000. Ni kweli kwamba tetemeko la Haiti lilitokea karibu mno na mji mkuu, lakini umbali peke yake hauelezi pengo la namna hiyo. Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizoboreshwa baada ya matetemeko yaliyotangulia, pamoja na sheria inayomwajibisha muuzaji wa kwanza wa jengo kwa miaka 10 endapo muundo wake una kasoro. Kifungu kama hicho huandikwa na mwanasheria, kikasimamiwa na mkaguzi asiyepokea bahasha.

Mhasibu naye na autazame mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Kabla ya volkano ya Nyiragongo iliyo jirani kulipuka tarehe 22 Mei 2021, kituo kinachoufuatilia mlima huo kilikuwa kimepitia miezi kadhaa bila fedha za kulipia intaneti ya kupokea takwimu za vipimo vyake. Sidai kwamba fedha hizo zingeleta onyo la siku nyingi, maana uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa dalili za wazi zilijitokeza chini ya saa moja kabla ya mlipuko. Hata hivyo, dakika 40 zinatosha kuutahadharisha mtaa, ilimradi yupo anayeziona dalili zenyewe.

Wanafunzi wanaobaki na shaka nawapa zoezi ambalo wenzangu huliona la kitoto: watafute kalavati lililo karibu na hosteli, wachungulie ndani, waandike kilichoziba (mchanga, chupa za plastiki, magunia), kisha waulize ni ofisi gani yenye bajeti ya kulisafisha. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo somo lenyewe. Huko Mai Mahiu, Kenya, maji yalipoua makumi ya watu alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye maofisa walieleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwenye njia ya maji iliyozibwa na takataka na matope.

Dhana nyingine hazinichukulii muda mrefu. Mafuriko ya miaka 100 hayana maana kwamba yakishapita tumesalimika kwa miaka 99. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kwa nyumba itakayokaliwa miaka 30 uwezekano huo hufikia takriban asilimia 26. Mwanafunzi wa takwimu anayekosea hapa simwonei huruma.

Wapo pia wanaoamini kwamba tetemeko la Kagera la mwaka 2016, lililokuwa na kipimo cha 5.9, ndilo kubwa zaidi Tanzania inayoweza kupata, ilhali Rukwa ilitikiswa mwaka 1910 na tetemeko la kipimo cha takriban 7.4. Na ujumbe wa simu unaotaja siku na saa ya tetemeko lijalo ufutwe bila kusambazwa, hata kama umetumwa na profesa, kwa kuwa hakuna mbinu yoyote iliyothibitishwa ya kulitabiri kwa namna hiyo.