Ametoka kwenye tiba ya uraibu, sasa akae wapi? Maswali ya familia kuhusu nyumba za soba Dar es Salaam

Nyumba ya soba ni nyumba wanamoishi pamoja watu walioacha ulevi, kabla ya kurudi kwao. Maswali haya huulizwa na wazazi, dada na wake wa watu waliokuwa wakitumia heroini, yaani unga. Mengi ya majibu yanafaa pia kwa aliyeacha pombe.

Mwanangu amemaliza miezi mitatu kituoni. Kanenepa, anaswali, anacheka. Chumba chake hapa Manzese kipo. Kwa nini nimpeleke tena kwenye nyumba nyingine?

Mama, hongera, ila mwili ndio unaotangulia kupona. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili ukiikosa, huanza pale saa 8 hadi 24 zinapopita tangu atumie mara ya mwisho, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 4 hadi 10. Baada ya hapo inabaki hamu, na hamu huamshwa na vitu vidogo: uchochoro aliokuwa akipita, simu ya mshikaji wa zamani, hata noti ya elfu kumi mfukoni jioni. Kituoni hakukutana na vitu hivyo, kwa hiyo hakuna anayejua bado atavikabili vipi. Nyumba ya soba yenye utaratibu humrudishia uhuru wake kidogo kidogo, huku kuna wenzake wanaomwona kila siku na wanaoijua janja yote, maana wameshaifanya wao.

Na tusifichane: kama maskani aliyokuwa akivutia iko nyumba ya tatu kutoka kwenu, basi chumba chake kiko pabaya, hata ukikipaka rangi mpya.

Ndani wanaishije hasa?

Nyumba hazifanani, lakini iliyo nzuri utaijua kwa ratiba. Kuamka mapema, usafi, zamu ya jikoni, kikao cha asubuhi ambapo kila mtu anasema ameamkaje, ushauri nasaha, mikutano ya NA (Narcotics Anonymous), kikundi cha waliowahi kutumia. Mwanzoni hatoki peke yake na simu hukaa ofisini. Baadaye anaruhusiwa kutoka, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Chukua Jumamosi moja. Kijana anataka kwenda kumsalimu bibi yake Tandika. Kabla hajatoka anakaa na msimamizi: utapanda gari gani, utabadilia wapi, ukikutana na fulani stendi utamwambia nini? Anapewa nauli kamili, si hela ya ziada. Anarudi kabla ya giza, anapimwa mkojo, halafu anasimulia siku yake. Akisema "nilipofika stendi mkono ulianza kutoka jasho", asigombezwe. Hiyo ndiyo habari iliyokuwa inatafutwa. Wiki ijayo atapita njia nyingine.

Marekani kuna mfumo unaoitwa Oxford House, ulioanza mwaka 1975. Kule hakuna msimamizi wa kulipwa: wakazi huchangia kodi, hupiga kura, na anayerudia kutumia hutolewa. Huku kwetu nyumba nyingi zina msimamizi, na familia ndiyo inayolipa. Hata hivyo, mkazi aliyekaa muda akipata kazi, naona achangie chochote, hata kama ni hela ya mkaa tu.

Akae muda gani?

Chini ya siku 90 mara nyingi haitoshi. Zaidi ya hapo usiangalie kalenda, angalia kama ana shughuli, ana watu safi wa kuwapigia simu na ameshashika hela yake bila vurugu.

Mdogo wangu anakunywa methadoni. Nyumba moja imetuambia aache kwanza ndipo apokelewe. Ni sawa?

Hapana, dada. Methadoni ni dawa. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, kisha zikafuata kliniki za Mwananyamala na Temeke. Inazuia arosto na inapunguza hamu bila kumpa mtu ule ulevi wa unga, ikitolewa kwa kipimo sahihi. Kuikatisha ili mtu apate kitanda ni kumweka kwenye hatari ya kurudia. Akitaka kupunguza, aamue na daktari wa kliniki yake, taratibu.

Mwulize msimamizi swali la kawaida kabisa: atafikaje kliniki? Wengi wanakunywa dozi kila siku mbele ya mhudumu. Ukimpeleka nyumba ya Bunju wakati kliniki yake ni Temeke, kila asubuhi anavuka jiji zima na foleni yake. Hatafika mwezi.

Vipi aliyekuwa mlevi wa pombe?

Anaweza kuishi humo humo, ila kama amekuwa akinywa sana kila siku, asiache ghafla akiwa kwenye nyumba isiyo na daktari. Kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta degedege, kuchanganyikiwa, hata kifo. Aanzie hospitali.

Tumnunulie bodaboda akitoka?

Nia ni njema, lakini boda inampa hela taslimu kila jioni na njia ya kufika kijiwe chochote. Miezi ya kwanza ni bora kazi yenye bosi na malipo ya mwisho wa wiki, hata kama ni ndogo. Hela iingie kwenye simu, na mtu anayemwamini ajue mapato yake. Hilo liwe kwa ridhaa yake mwenyewe. Mkimvizia na kumpekua mifuko, atajifunza kuficha tu.

Akiteleza?

Hapa nawaomba msome mara mbili. Mtu aliyekaa miezi bila unga, mwili wake umesahau kuuhimili. Kipimo alichokuwa akitumia zamani sasa kinaweza kumuua, na akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi hatari huzidi. Ukimkuta haamki, anakoroma kwa shida au anapumua polepole mno, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, usimnyweshe maziwa wala kitu chochote, mkimbize hospitali na useme wazi alichotumia. Kuna dawa ya naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi ikiwahi. Aibu ya jirani kujua isiwacheleweshe.

Akishapona, kuteleza hakufuti miezi aliyokaa safi. Arudi kwenye utaratibu siku ile ile ikiwezekana.

Tutaijuaje nyumba mbaya?

Nendeni bila kutoa taarifa. Ombeni kuona vyoo, jiko na cheti cha usajili. Zungumzeni na mkazi bila msimamizi kusimama pembeni. Mkiona minyororo, alama za fimbo, au mkiambiwa msije kumwona kwa miezi, mchukueni mtu wenu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119: ulizeni kama nyumba hiyo inatambulika kabla hamjalipa.