"Linakula lita sita": sita za nini?

Msimu wa kuburuga, yaani kulima mabonde ya mpunga kwa trekta, ukifika, nenda Cheju au Kibokwa kule Unguja usimame ukingoni mwa bonde, hutachelewa kusikia: "Trekta hili linakula lita sita." Sita za nini? Za saa moja au za eka moja? Aliyesema kanyamaza, aliyesikia karidhika, na bei ya kuburuga inapangwa hapo hapo.

Ulaji wa mafuta ni kiasi cha mafuta ambacho injini inachoma kwa muda fulani au kwa kazi fulani. Basi. Shughuli yote iko kwenye hiyo "au".

Neno "kula" lenyewe halina kosa. Kwa Kiswahili moto unakula kuni, kutu inakula bati. Lakini kitenzi hiki kinatwambia kitu kimekwisha tu, hakisemi kimekwisha kwa muda gani wala kimeacha nini. Ndiyo maana tunakibebesha kila kitu: oili inayopenya kwenye ringi za pistoni ikatoka moshi wa buluu, dizeli inayovuja kwenye pampu, na ile inayofyonzwa tangini usiku ikauzwa kwa dumu. (Hiyo ya mwisho ni ulaji kweli, ila si wa injini.)

"Saa" ndiyo inayochanganya zaidi. Tumeichukua kwa Waarabu ikiwa na maana zote mbili: muda, na chombo cha kuuhesabu. Kwenye Massey Ferguson 135 na matrekta mengine ya miaka ya 1960, saa ya dashibodi haijui muda. Inazungushwa na kebo kutoka kwenye injini, inahesabu mizunguko, na inakwenda sawa na saa ya mkononi kwa kasi moja tu ya injini iliyopangwa kiwandani. Trekta likiachwa linaunguruma polepole chini ya muembe kwa saa nzima, huenda ikaandika nusu. Dereva akigawa lita kwa saa hizo, anapata ulaji wa kutisha, kisha nozeli (zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini) zinafunguliwa bure.

Trekta la dizeli la ukubwa huo hutoa kama nguvu farasi 38 kwenye shafti ya nyuma, ile inayozungusha zana. Ukichanganya kazi nzito na nyepesi, wastani wake ni lita 6 na kitu kwa saa. La petroli lenye nguvu hiyo hiyo hufika 8 na nusu, maana dizeli huchoma takriban asilimia 73 ya ujazo wa petroli. Likilima kwa nguvu zote, hata la dizeli hupita 9.

Sasa lete eka. Trekta linalochoma lita 5 kwa saa lakini likamaliza eka kwa saa mbili na nusu limetumia 12.5. Linalochoma 8 kwa saa na kumaliza kwa saa moja na robo limetumia 10. Bondeni tofauti hii huletwa zaidi na tairi kuliko injini: kwenye tope, tairi ikiteleza mizunguko 40 katika kila 100, dizeli inakwenda na eka imekaa pale pale. Na ukiishuku injini kwa sababu moshi mweusi umezidi, anza na chujio la hewa kabla ya kugusa pampu ya dizeli.

Kupima si kazi. Trekta lisimame pahala tambarare, jaza tangi mpaka shingoni, subiri povu litulie, uongeze. Buruga eka moja, rudi pale pale, jaza tena kwa kopo la lita. Eka yenyewe iwe eka: mita za mraba 4,047, yaani kama 64 kwa 63. Anayepima mita 70 kwa 70 ana 4,900, zaidi kwa karibu moja ya tano, halafu lawama anatupiwa dereva.

Kwa hivyo sema "lita tisa kwa eka, udongo mbichi, jembe la diski tatu." Na mwenzako akikwambia lake linakula sita, usimkatalie. Muulize tu taratibu, za saa au za eka, na kama ni za saa, saa ipi.